Rejista zipo tayari: kuanzisha mtandao wa watafiti wa afya ya msingi hapa Bunia

Siku za mwisho wa mwezi, ukiingia kituo chochote cha afya cha Bunia, utamkuta muuguzi mkuu ameinamia meza. Mbele yake zimefunguliwa rejista: ya wagonjwa, ya wajawazito, ya uzazi, ya chanjo. Anahesabu vistari vitano vitano, anajumlisha, anajaza fomu ya SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, kwa sababu ripoti inatakiwa kufika ofisi kuu ya zoni ya afya kabla ya tarehe 5. Siku moja nilikaa karibu na mama mmoja wa kazi hiyo tukingoja mvua ipungue. Alifika kwenye ukurasa wa CPN, yaani kliniki ya wajawazito, akaweka kidole kwenye safu ya ziara ya nne, akaniuliza: "Mwalimu, hawa wote walikuja mara ya kwanza. Mbona huku mwisho pamebaki peupe?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. Wengi wa waliopotea walitoka upande mmoja wa eneo lake, na siku ya CPN ilikuwa ndiyo siku yao ya soko. Alikuwa amelijua jambo hilo muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nawaandikia watu kama yeye, na pia waganga wakuu wa zoni, walimu wa shule za uuguzi, wakunga, na vijana wanaohangaika kutafuta mada ya TFC, kazi yao ya kumaliza masomo. Nimesikia mara nyingi mkisema kwamba Bunia haina watafiti wa afya ya msingi. Sikubali. Ituri ina zoni za afya 36 kati ya 519 za nchi nzima, na kila zoni ina maeneo yake, na kila eneo lina kituo chenye mtu anayehesabu. Mji una Chuo Kikuu cha Bunia, una Chuo Kikuu cha Shalom, una ISTM Nyankunde, chuo cha fani za tiba. Anayehesabu na anayejua kuchambua hesabu wanapita barabara moja kila asubuhi, na bado hawajawahi kukaa mbele ya ukurasa mmoja. Hapo ndipo pa kuanzia.

Msianze na jina. Nimeona mitandao iliyozaliwa na muhuri, karatasi yenye nembo, rais, makamu wa rais na mweka hazina, ikafa kabla ya mvua za pili, kwa sababu hapakuwa na kazi iliyowakutanisha watu isipokuwa kugombea vyeo. Anzeni na swali. Liwe dogo kiasi cha kujibiwa kwa rejista zilizopo na kwa miguu yenu wenyewe, ndani ya miezi mitatu. Kwa nini wajawazito hawarudi ziara ya nne? Watoto wanaokosa chanjo ya surua wanaishi wapi? Mgonjwa aliyepewa karatasi ya kwenda hospitali kuu, je, alifika? Hili la mwisho ni swali zuri kuliko linavyoonekana, maana kituo kinaandika kwamba kimetuma, hospitali inaandika kwamba imepokea, na vitabu hivyo viwili havikutani. Watu wawili na motari mmoja wanaweza kuvikutanisha.

Swali likiwa kubwa mno litawashinda. "Hali ya malaria Ituri" si swali, ni kichwa cha habari. "Je, mtoto mwenye homa anapimwa kabla ya kupewa dawa katika vituo vyetu vitano?" hilo ni swali, na mwezi ujao mnaweza kuwa na jibu.

Sasa, mkutane lini na wapi? Watu huanza kutafuta ukumbi, viti, maji ya chupa. Lakini mnakutana tayari! Kila mwezi mganga mkuu wa zoni huwaita wauguzi wakuu wote ofisini kwake kwa tathmini. Wanatoka mbali, wengine kwa pikipiki juu ya barabara mbovu, nao wana rejista au nakala zake mikononi. Mwombeni mganga mkuu nusu saa. Iwe kabla ya chakula. Baada ya chakula kila mtu anatafuta usafiri wa kurudi kabla giza halijaingia, na kwa hali ya njia zetu hakuna wa kumlaumu. Nusu saa hiyo ikitumika vizuri mwezi hadi mwezi ina nguvu kuliko kongamano la siku tatu.

Na kuna mfano mnaoujua wote wa namna ya kuigawa. Mama zetu wa sokoni wana likelemba: kila mmoja anatoa kidogo, mwezi huu fungu lote linamwendea huyu, mwezi ujao yule, na anayekula fungu halafu akaacha kutoa hajulikani tena. Fanyeni likelemba ya maswali. Miezi mitatu ya kwanza wote wanahesabu kwa ajili ya swali la muuguzi wa kituo kimoja. Miezi mitatu inayofuata ni zamu ya swali la mwingine. Yule aliyehesabiwa anawiwa kuhesabu. Mtu ataweza kuvumilia kazi ya ziada kwa swali la mwenzake akijua zamu yake imeandikwa. Hata senti za kuendesha mtandao zipatikane hivyo hivyo: franka chache kila kikao, za fotokopi na mega za simu, na daftari la hesabu lisomwe mbele ya wote.

Naomba mlichukue hili la fedha kwa uzito. Mwanzoni mwa 2025, msaada wa Marekani uliposimamishwa ghafla, miradi ya afya kote mashariki mwa Kongo ilijikuta bila dawa, bila mishahara, bila mafuta ya gari. Mtandao uliojengwa juu ya posho ya mfadhili mmoja huvunjika siku barua ya mfadhili inapofika. Sisemi mkatae msaada. Ukija, nunueni nao kitu kinachobaki: kompyuta, sahani ya jua, kabati lenye kufuli. Mikutano iendelee kulipiwa na likelemba. Na suala la posho lizungumzwe wazi kikao cha kwanza kabisa, maana muuguzi ambaye serikali haimlipi vizuri ana haki ya kuuliza nani atamrudishia nauli. Nauli irudishwe. Zaidi ya nauli, mkubaliane.

Idadi ya watu? Kumi, kumi na wawili wanatosha kuanza. Nusu yao wawe wauguzi wakuu na wakunga. Awepo mtu wa takwimu wa ofisi ya zoni, yule anayeingiza namba kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, kwa sababu yeye ndiye anayejua namba ipi imetoka hewani. Awepo mwalimu mmoja au wawili wa chuo. Wawepo RECO, wahudumu wa afya wa jamii, maana ndio wanaojua nyumba gani ina mtoto ambaye kadi yake iliungua. Awepo na mtu wa CODESA, kamati ya wananchi ya eneo la afya, asiye na kazi ya hospitali hata kidogo. Yeye ndiye atakayewauliza, "Hii inatusaidia nini?"

Na hapa Ituri kuna jambo ambalo makala za kutoka miji mingine hazitawaambia. Tumepitia vita vya 1999 hadi 2003, na tangu mwisho wa 2017 eneo la Djugu halijatulia. Orodha ya majina ya mtandao ikisomwa, watu husikiliza majina yanatoka upande gani. Mtandao wenye majina ya upande mmoja utakuwa na rejista za upande mmoja, na matokeo yake hayataaminika upande wa pili hata kama ni ya kweli. Kwa hiyo uratibu uzunguke, usikae na mtu mmoja zaidi ya mwaka. Zoni mbili za kwanza mnazounganisha zichaguliwe kwa kuangalia hilo waziwazi, bila kuoneana haya. Mikutano ifanyike mahali ambapo kila mtu anaweza kufika bila kuogopa. Na yule ambaye njia yake imefungwa wiki hiyo asihesabiwe kuwa hayupo: atume sauti yake kwa WhatsApp pamoja na picha ya jumla zake, isomwe kikaoni kama alivyosema.

Lakini picha ya jumla tu. Msipige picha ukurasa wa rejista wenye majina ya wagonjwa na kuutupa kwenye kundi la simu. Kwingine hilo ni kosa la maadili. Kwetu linaweza kuwa kosa la damu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, huko Djugu. Anayekumbuka usiku ule hatasafirisha karatasi inayosema nani analala wapi. Mkihesabu familia zilizohama, andikeni namba badala ya majina, na jina la kijiji libaki kwenye daftari moja lililofungiwa. Ramani ya kuchapisha ionyeshe zoni, isionyeshe kambi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wa Kongo wana mfano mzuri kuliko wanavyokumbuka. Miaka ya 1970, huko Kasongo, Maniema, mji wa Waswahili kama sisi, kikundi cha wahudumu kilifanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, wakijaribu namna ya kuendesha vituo vya afya vilivyoshikamana na hospitali moja. Hawakutenga utafiti na kazi. Walihudumia, wakahesabu, wakajadili, wakabadilisha. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha matokeo yao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na mahali pa jina la mwandishi paliandikwa jina la kundi zima: Timu ya Mradi wa Kasongo. Kazi ya Kasongo, pamoja na ya sehemu nyingine chache za nchi, ndiyo iliyolisha wazo la zoni ya afya tunaloishi ndani yake leo, miaka ileile ambayo dunia ilikutana Alma-Ata, Septemba 1978, kutangaza huduma ya afya ya msingi.

Hilo la jina la kundi naomba mlifikirie sana. Ugomvi wa "jina la nani litangulie" umeua ushirikiano mwingi kuliko ukosefu wa fedha. Amueni kabla ya kuhesabu mgonjwa wa kwanza, mwandike, mtie sahihi: aliyeleta swali yuko wapi kwenye orodha, aliyechambua yuko wapi, waliohesabu wanatajwaje. Au fanyeni kama Kasongo, muwe jina moja.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na unauma. ISTM Nyankunde iko hapa mjini, lakini inabeba jina la mahali palipo kilomita zipatazo 45 kutoka hapa. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde ilivamiwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, wafanyakazi waliuawa, majengo yaliporwa, na walionusurika walitembea siku nyingi msituni mpaka Oicha. Kilichofika salama ni kile kilichokuwa vichwani mwa watu, na kutokana na hicho shule na huduma zilisimama tena mahali pengine. Mimi kila nikiona kabati moja lenye nakala pekee ya utafiti wa miaka mitano, nawaza Nyankunde. Matokeo yenu yakae sehemu tatu angalau: ofisi ya zoni, maktaba ya chuo, na mahali nje ya Ituri kupitia intaneti. Na kila kazi ijulikane na watu wawili, asiwepo mtu ambaye akihama au akifa swali linaondoka naye.

Kuhusu wanafunzi. Kila mwaka vijana wetu wanaandika TFC na memwari, kila mmoja na swali lake, kila mmoja kituo kimoja, wagonjwa wachache, halafu kitabu kinapanda rafuni. Walimu wenzangu, hapo mkononi mwetu tuna jeshi tunalolitawanya sisi wenyewe. Wapeni wanafunzi watano swali moja la mtandao, kila mmoja na zoni yake, kwa fomu moja na tafsiri moja ya maneno. Kila mmoja atatetea kazi yake, na zikiunganishwa tutakuwa na picha ambayo hakuna mwanafunzi mmoja angeweza kuichora. Muuguzi aliyeleta swali aalikwe siku ya utetezi, akae mbele, aruhusiwe kuuliza.

Tafsiri ya maneno nimeitaja makusudi. Nilishawahi kupewa dodoso lililotafsiriwa kwa Kiswahili cha pwani, safi kabisa kwa sarufi, likiuliza: "Je, ulikwenda kwa mganga kabla ya kuja kituoni?" Aliyeliandika alitaka kujua kama mama alipitia kwa mtu wa mitishamba. Kwetu muganga ni daktari, ni muuguzi, ni yeyote anayevaa blouse nyeupe. Akina mama walijibu ndiyo kwa uaminifu wote, wakimaanisha walipita kwanza kituo kingine. Tuligundua siku ya tatu, kwa sababu RECO mmoja alicheka. Kwa hiyo dodoso lolote lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya akina mama watano wa Bunia, na lile wanaloliuliza "unataka kusema nini?" liandikwe upya. Vijijini mtahitaji pia Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara, Kibira. Msimwachie mkalimani atafsiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake.

Ruhusa msiziruke. Barua kwa Divisheni ya Afya ya mkoa, barua kwa mganga mkuu wa zoni, taarifa kwa shefu wa kartie, na kama mnawahoji watu au mnakusudia kuchapisha, pelekeni mpango wenu kwenye kamati ya maadili. Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa inayo. Tangu utawala wa kijeshi uanze Mei 2021, mtu anayetembea na madodoso bila karatasi anaweza kulala pabaya. Muuguzi akibadilisha tu siku ya CPN kwa kuangalia rejista yake, hiyo ni kazi yake ya kila siku. Akianza kuingia nyumba za watu na kuuliza, ni jambo jingine.

Vifaa havipaswi kuwachelewesha. KoboToolbox inakusanya majibu kwa simu hata pasipo mtandao wa simu, kisha inayatuma ukifika mjini. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unafungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitabibu bila malipo. Mwulizeni mkutubi wa chuo kama mmesajiliwa, na kama hamjasajiliwa hiyo iwe kazi ya wiki ya kwanza. Liko jarida la Afrika la huduma ya afya ya msingi na tiba ya familia, linalosomwa bure na kila mtu, na upo mtandao wa PRIMAFAMED unaounganisha vyuo vya Afrika katika fani hiyohiyo. Waandikieni. Upande wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, wako wenzetu wa Gulu na Makerere, na wagonjwa wanavuka mpaka wa Aru na Mahagi kila siku bila kujali Kifaransa wala Kiingereza. Na mjihadhari na majarida yanayowaandikia barua pepe za sifa usiku na kuomba dola mia kadhaa kabla hata ya kusoma kazi yenu. Jarida la kweli litawasumbua kwa maswali.

Wageni watakuja, na wengine watakuja na mambo makubwa. Katika Ebola ya kumi, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, waliugua watu 3,470 na kufa 2,287, wengi wao Kivu Kaskazini na hapa kwetu Ituri. Katikati ya moto ule INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Profesa Muyembe, na washirika wake waliendesha jaribio la dawa nne lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na kufikia Agosti 2019 likaonyesha dawa mbili zilizookoa watu zaidi ya nyingine. Ni kazi ya kujivunia. Ila mwaka huohuo wa 2019 surua iliua Wakongo zaidi ya 6,000, watoto hasa, na surua haihitaji dawa mpya. Inahitaji mtu anayejua chanjo ilikosekana kituo gani, wiki gani, kwa sababu gani. Maswali ya aina hiyo hayatabebwa na wageni. Ni yetu.

Mgeni akifika, muwe na karatasi yenu ya ukurasa mmoja tayari. Nakala ya data inabaki Bunia. Angalau mmoja wenu anashiriki kuchambua, si kukusanya tu. Majina yenu yako kwenye chapisho. Matokeo yanarudi vituoni kwa Kiswahili, kwa tarehe iliyotajwa. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuwasaidia wageni wa shirika moja siku tatu nzima, tukafungua rejista za miaka miwili, muuguzi akaacha wagonjwa wake wakingoja kwenye benchi. Hadi leo hajarudishiwa hata namba moja. Yeye bado ananiuliza, na mimi sina la kumjibu.

Kurudisha jibu ndiyo kazi ambayo mtandao wenu usithubutu kuiahirisha. Msingoje chapisho. Mwezi wa tatu ukiisha, chukueni karatasi kubwa, choreni vistari kwa kalamu nene, andikeni kwa Kiswahili cha watu: wajawazito wangapi walianza, wangapi walifika ziara ya nne, wa upande gani wamepungua. Ibandikwe ukutani kituoni, karibu na mizani ya watoto ambako akina mama husubiri. Isomwe kwenye kikao cha CODESA. Hata kama jibu ni kwamba kituo chetu kina kosa, lisomwe, na mganga mkuu wa zoni aahidi mapema kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa namba aliyoileta kwa hiari. Bila ahadi hiyo rejista zitaanza kupendeza.

Yule mama wa mvua alihamisha siku yake ya CPN mbele kwa siku mbili, kwa makubaliano na CODESA, bila kumngoja mtu. Kisha akachora mstari mwekundu kwenye rejista, mahali siku mpya ilipoanzia, ili yeyote atakayekuja kuhesabu ajue wapi pa kutenganisha kabla na baada. Mstari huo bado upo. Tathmini ya mwezi ujao ikifika, nendeni na rejista zenu, mwombe ile nusu saa, na mmoja wenu aanze kwa kufungua ukurasa unaomsumbua.